Usiwape Tena Mbegu Ile ya Mihogo

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu. Goti limepoa? Mvua bado zipo au zimeshakata? Mimi mwili ni mzima ila roho haijatulia. Nimeandika barua kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti kubwa na majirani wote wanasikia.

Yale majani ya mihogo uliyonitumia kwa basi, yaliyojikunja na kujaa madoadoa, yalifika. Unakumbuka ulivyonicheka? "Kusomeshwa kote kule, kumbe unaenda kuhesabu manyoya ya wadudu!" Ndiyo kazi yenyewe, mayu. Utitiri wa mihogo tunaoushughulikia ni wa aina mbili, ndugu kabisa, wote kijani, na kwa macho huwezi kuwatofautisha mpaka umweke kwenye darubini utazame vinyweleo vya mgongoni. Wa kwetu wa siku zote anavyo vifupi. Huyu wa huku kusini anavyo virefu, na akiingia shambani kiangazi, unavuna mihogo myembamba kama vidole.

Ukutani tuna ramani. Kila alipoonekana mwenye virefu tunachomeka pini nyekundu. Kwetu Simiyu hakuna hata moja. Nimetazama majani yako mara saba, mayu. Vinyweleo ni virefu. Pini ninayo mkononi tangu asubuhi na naogopa kuichomeka.

Naogopa kwa sababu najua alifikaje huko. Ni mimi. Nilipokuja kwenye harusi ya kaka Masanja nilikuletea mbegu, vile vijiti nilivyofunga kwa kanga, nikajisifu kwamba mihogo yake haina uchungu. Sikuvikagua. Mimi ninayekagua vya watu wote! Na wewe mbegu ya mihogo huuzi wala humnyimi mtu, ukamkatia kila aliyeomba.

Kesho namwambia mkuu wangu. Watakuja wataalamu, na kila shina la mbegu ile litang'olewa lichomwe. Najua ni aibu kumrudia mtu kwa kitu ulichompa. Lakini wadudu hawa hubebwa na upepo, na kiangazi ndicho hicho.

Basi nisalimie kaka Masanja na mkewe. Nisalimie shangazi Minza wa Sola, dada Limi aliyeolewa Kasoli, mama mkwe wa kaka kule Nyashimo, na mwalimu wa kwaya. Hao ndio ulioniambia umewapa. Kama yupo mwingine, msalimie pia, mwambie aichome mbegu ile, na usimfiche aliyeileta.

Mwanao mwenye hofu,
Kabula