Uso wa Tano

Juni 4

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hapa nyumbani tuna afya, ila goti la Bibi linalalamika kila wingu likipita. Huko Moscow, mgongo wako umepoa?

Nimepata kazi, Mama! Watafiti kutoka Bishkek, mji wetu mkuu, wanataka kujua hali za watoto ambao wazazi wao wameenda kutafuta riziki ugenini. Napita nyumba kwa nyumba na kadi yenye nyuso tano: wa kwanza unacheka, wa tano unalia. Mtoto anaonyesha unaofanana na moyo wake. Ila nikifika mlangoni, sauti inanikimbia.

Jana kwa jirani yetu, Bibi Uulkan, nilimwita mjukuu wake, Erkebulan. Mashavu kama maandazi! Bibi yake akamshika kidole, akakibandika kwenye uso unaolia.

"Lakini Bibi, mimi nacheka!"

"Funga domo! Huyu? Hali, halali, kichwa maji. Andika, binti."

Nikaandika. Nyumba zote zimekuwa hivyo hivyo.

Binti yako,
Saikal

Juni 9

Mwanangu Saikal,

Marahaba. Mgongo bado ni wangu, hakuna aliyeutaka. Barua yako nimeisoma nimeshika ufagio, nikacheka hadi msimamizi akadhani naumwa.

Nani atamsifu mtoto mbele ya mgeni? Si kuialika husuda iingie, ikae, inywe chai? Wewe mwenyewe Bibi alikupaka masizi usoni mpaka ukaanza shule, akiwaambia wageni umeokotwa jalalani. Mweleze bosi wako mapema. Mdomo si wa kulia mkate tu.

Na wewe, umeonyesha uso gani?

Mama yako

Juni 25

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Bosi sikumweleza, niliona haya. Basi ikaonekana hakuna kijiji chenye huzuni kama chetu, na Jumatatu Bwana Temirkul, bosi mwenyewe, akaja na basi dogo kuwapeleka watoto kwenye makao ya kulelea watoto mjini. Kina bibi wakatoka na fimbo.

Safari hii sauti haikunikimbia. "Bwana, hebu msifu Erkebulan."

"Nini?"

"Msifu tu."

"Mtoto mzuri," akasema. "Amenenepa."

Weee! Bibi Uulkan akamtemea mjukuu wake mate ya kufukuza husuda, tfu tfu tfu, akampaka masizi ya chungu, mengine yakamrukia Bwana kwenye miwani. "Mzuri nani? Punda huyu!"

Bwana Temirkul akafuta miwani. "Kumbe," akasema. Basi likarudi tupu.

Tukauliza upya, kina bibi wakiwa wameenda kukamua maziwa ya farasi. Erkebulan alionyesha uso wa kwanza kila mara, isipokuwa tulipomuuliza habari za mama yake. Hapo alionyesha wa nne.

Nami nilihojiwa, maana sijatimiza miaka kumi na minane. Nilionyesha wa tano, Mama. Hakuna aliyenishika kidole.

Binti yako,
Saikal

Julai 2

Saikal, mtoto mbaya, uliyeokotwa jalalani,

Mimi si mzima hata kidogo. Habari njema sina. Kazini sijaaga. Tiketi sijanunua. Agosti sifiki ng'o, wala Bibi asithubutu kunenepesha kondoo.

Tfu, tfu, tfu.

Mama yako