Kishikwambi Kilichopelekwa Dukani

Allen na Tupokigwe,

Katika nyumba hii, kitu cha mtu hakitolewi kabla mwenyewe hajaulizwa.

Maharage yameiva, yapo jikoni. Geti lifungwe.

Asubuhi nilipokiulizia kishikwambi changu, wewe Allen, mwanangu, ulinijibu huku unatafuna: “Baba, kile kimechoka, betri haishiki chaji. Siku hizi nani anatengeneza? Nimekiacha dukani jana, wanakifuta, kesho unapewa kipya.”

Kifutwe! Humo zimo picha za nota za kwaya nilizoandika kwa mkono kwa miaka arobaini, na karatasi zenyewe zililiwa na mchwa. Ungeniuliza, ningekwambia kibadilishwe betri tu. Ndugu yako Tupokigwe alilijua hilo, wala hakukwambia.

Ninakwenda Mwananyamala kuwasihi wenye duka wanirudishie kabla hawajakifuta.

~~Chakula cha jioni msiniwekee.~~ Niwekeeni kidogo.

Nami nilikukaripia kwa sauti kuu mezani, mbele ya wanao. Adhabu ya kupaza sauti mezani niliiweka mwenyewe, wala sikumsamehe yeyote kati yenu mlipokuwa wadogo. Vyombo vyote vya asubuhi nimekwisha kuviosha, Allen, na kikombe chako kimo.

Baba