Kielelezo Namba Tatu

Jumanne, 11 Machi

Nimefika. Chumba namba 214, vitanda viwili, mtu mmoja. Begi nimeliweka kwenye kile kitanda cha pili ili kisionekane kitupu — ujinga wangu huo. Dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine. Saa saba nzima ndani ya basi, miguu imevimba.

Kongamano linaanza kesho, siku tatu. Sheria Katika Ulinzi wa Wanyama. Bango limetundikwa getini, na kwenye bango — punda wangu! Nilisimama njiani nikamkodolea macho kama mtu aliyekutana na shemeji ugenini. Ndiye hasa, sikio la kushoto limepasuka. Picha ile niliipiga mimi kwa simu, siku polisi walipomkamata mwenye mkokoteni aliyekuwa akimpiga. Mahakamani ikawa kielelezo namba mbili. Fimbo ilikuwa namba moja. Punda mwenyewe, namba tatu.

Binti wa mapokezi kanipa beji na kabrasha. Alipoona jina langu akasema, "Kumbe wewe ndiye mama wa punda." Miaka ishirini na mbili naendesha mashtaka, nimeshughulika na wezi, matapeli, wachoma maduka, na jina nililopata ni mama wa punda. Kusema kweli nilifurahi.

Nimempigia mdogo wangu kumwambia nimefika salama. Yuko kikaoni, atanipigia. Nimekaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa. Tangu nitalikiwe ni mwaka wa sita huu, na mengine yote nimeyazoea. Hili moja bado: kufika mahali na kukosa wa kumwambia nimefika.

Jumatano, 12 Machi

Hotuba nne kabla ya chai! Mwenyekiti ni profesa mstaafu, mtu wa heshima zake, sauti nzito. Alinitaja. Akasema hukumu ya kesi yangu ni ya kwanza wilayani kwetu kumtia mtu hatiani kwa kumtesa mnyama wake mwenyewe, na kwamba Ijumaa nitaeleza tulivyofanikiwa. Akaniomba nisimame. Makofi. Sikujua mikono niiweke wapi.

Mchana nilikaa meza ya pembeni na daktari wa mifugo. Wenzake wanamwita Gambuti, maana hata kwenye makongamano huja na gambuti zake za mpira kwenye gari — anasema ng'ombe haangalii ratiba ya semina. Mcheshi sana. Nilicheka mpaka nikajishangaa. Akaniuliza maswali ya kidaktari: kidonda cha begani kilifunga? Kwato je? Nikamjibu yote, faili ninalo kichwani. Kisha, huku akimenya chungwa lake, akauliza, "Na sasa yuko wapi?"

Nikasema yuko —

Nilitaka kusema yuko kituoni, kwenye uwanja wa vielelezo nyuma ya polisi, maana ndiko alikokaa miezi tisa. Lakini kesi imekwisha. Imekwisha wiki tano zilizopita! Nikasema nadhani wamempeleka mahali. Gambuti aliacha kumenya. "Wamempeleka? Akina nani?"

Nikatoka nje kumpigia karani wa masjala ya mahakama. Mtu mzuri, mpole, hajawahi kupoteza hata karatasi. Nikasikia anafunua daftari. Akasema kielelezo namba moja na namba tatu vimesharudishwa kwa mwenyewe.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye mali, mama. Mshtakiwa. Alilipa faini siku ileile, kesho yake akaja kuchukua vitu vyake."

Kwa amri ya nani, nikamuuliza. Akajibu kwa adabu kabisa kwamba amri haikuwapo, kwa sababu sikuiomba, na kielelezo kisicho na amri hurudi kilikotoka. Baiskeli, redio, magunia, vyote hurudi hivyo. Kisha akanisomea mstari aliosaini yule bwana, labda akidhani utanituliza. Punda mmoja. Fimbo moja.

Fimbo!

Najua lilivyotokea. Siku ya hukumu nilikuwa na kesi tatu. Hakimu alipomtia hatiani akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasimama, nikaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine. Nilisema vizuri, nakumbuka hata wakili wa upande wa pili alitikisa kichwa kwa kukubali. Nikakaa. Ilibaki sentensi moja tu, kwamba mnyama akabidhiwe ofisi ya mifugo, na hiyo sikuisema. Miezi tisa nilikuwa nikimwita kielelezo, kwenye kila karatasi. Kielelezo hufungwa lebo, hutolewa, hurudishwa stoo. Mtu haulizi kielelezo kitalala wapi.

Sikurudi ukumbini. Nimekuja kulala na viatu.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi nimemweleza Gambuti. Sikujitetea. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema kidonda cha begani kwa punda anayevuta mkokoteni hufunguka ndani ya siku tatu, nne. "Wiki tano," akasema, kisha akamwangalia mhudumu akaomba chumvi.

Nikampigia mkuu wangu wa ofisi. Anasema tunaweza kuomba mahakama ipitie upya, ila hakimu yuko likizo hadi mwisho wa mwezi, na kupangiwa tarehe ni wiki nyingine tatu, tukiwa na bahati. Nikasema ni muda mrefu. Akasema sheria haina mbio, mama, wewe unajua. Halafu akauliza kama mkutano unaendelea vizuri na kama kuna posho.

Mwenyekiti alinipata kwenye ngazi. Habari zilishamfikia — Gambuti hana siri. Aliongea nami kwa upole, kama kaka mkubwa. Kongamano hili limehangaikiwa miaka miwili. Wafadhili watakuwa mstari wa mbele. Wanasheria vijana wanahitaji kuona kwamba inawezekana. "Kesho zungumzia kesi," akasema. "Kesi ulishinda, huo si uongo. Punda tutamshughulikia kiofisi." Nikamwambia nimekuelewa, Profesa. Neno hilo la kiofisi nimewaambia watu wangapi mimi? Wajane, wazee, akina mama wenye kesi za mashamba. Walikuwa wananishukuru wakiondoka.

Mdogo wangu hakupiga. Nikampigia mimi, saa kumi na mbili jioni. Nikamwambia yote bila kupumua. Akasema, "Dada, punda? Mimi nilidhani mtu amekufa." Akacheka, si kwa ubaya, ni kucheka kwake tangu utotoni. Kisha akasema nimechoka, nichukue likizo, niende kwake Desemba. Tuko Machi. Nikasema ahsante, nitaangalia.

Nikafungua bomba la bafuni ili nilie. Kisha nikakumbuka hakuna wa kunisikia, nikalifunga, nikalia vilevile.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema. Sijui ni ujasiri au ni uchovu.

Nilikuwa nimeandaa picha kumi na nne za projekta. Kumi na tatu nilizipitia haraka: malalamiko ya jirani, ripoti ya daktari, ushahidi, hukumu. Watu wanaandika. Ya kumi na nne ilikuwa imeandikwa MAFANIKIO. Nikawaambia hii msiiandike. Nikawaeleza sentensi niliyoisahau, na daftari la masjala linavyosema. Nikasema kwa hiyo kesi ya kwanza wilayani kwetu iliyoshinda kwa niaba ya mnyama, imemrudisha mnyama kwa aliyempiga, kwa risiti.

Simu ya mtu ikaita, akaizima. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango wangu wa kipekee, akatangaza chai.

Kwenye foleni ya chai kulikuwa na nafasi mbele yangu na nafasi nyuma yangu. Si kwamba walikuwa wakali. Walinipisha, ndivyo walivyofanya, kama mtu anavyompisha mgonjwa. Nikiwa chooni nikasikia wawili wakinawa: mmoja anasema bora ningenyamaza, nimejiaibisha na wao nimewaaibisha. Mwingine anasema angalau sasa anajua kuomba amri ya kielelezo, yeye ana kesi ya mbwa Jumatatu. Huyo wa pili nilitaka kumwona sura. Nilipotoka walishaondoka.

Gambuti hakuwepo. Aliitwa alfajiri, ng'ombe wa mtu kakwama kuzaa, kaondoka na gambuti zake. Mapokezi kaniachia kopo la dawa ya vidonda na karatasi: paka mara mbili kwa siku, safisha kwanza kwa maji ya chumvi. Hakuandika dawa ni ya nani. Nimeisoma karatasi ile mara nyingi kuliko inavyostahili.

Maazimio yamepita kumi na moja. Picha ya pamoja wamepiga kwenye ngazi, mimi nikiwa juu nafunga begi. Nimewaona dirishani kwenye korido, wanabanana waenee.

Kesho basi la kwanza. Sishuki nyumbani. Nitapitiliza.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tisa alasiri. Naandikia magotini, uani kwa mwenye mkokoteni.

Nyumba ni ya mwisho kabla ya tanuri la matofali. Alinitambua kabla sijabisha hodi. "Shikamoo, mama." Marahaba. Njia nzima nilikuwa najipanga kwa matusi, na shikamoo yake ikanivuruga. Akageuza ndoo akanikaribisha nikae. Akasema siku ile mahakamani nilikuwa naongea kama redio, yeye nusu hakuelewa, alielewa faini tu.

Punda alikuwa bado amefungwa kwenye mkokoteni, matofali nusu yameshushwa. Kidonda cha begani kiko wazi, ukubwa wa kiganja changu. Miezi tisa nimekisoma kwenye ripoti, urefu na upana. Sikujua kuwa kina harufu.

Nikamwonyesha. Akasema anakiona, naye anamwonea huruma, ila matofali hayajibebi. Nikatoa kopo, akaniacha nipake. Punda alistahimili, ngozi tu ilikuwa inarukaruka.

Nikamwambia nimekuja kumchukua.

Akafikiri. "Unamtaka kama nani, mama? Kama ni serikali, nionyeshe karatasi. Kama ni wewe, tuzungumze."

Karatasi sina. Ningeweza kumtisha, maneno ya kutishia nayajua, watu wa kawaida huogopa muhuri hata wakisimuliwa. Nikasema, kama mimi.

"Unakaa wapi?"

Ghorofa ya tatu, nikamwambia.

"Na nani?"

Peke yangu.

Akanitazama. Ilikuwa huruma ileile aliyoitumia dakika tano kabla kusema habari za kidonda. Akasema angekuwa peke yake tungeelewana, lakini mkokoteni ule unalisha watu saba, lazima amuulize mama watoto. Akamfungua punda kutoka kwenye mkokoteni. Kigingi chake kimevunjika, hakuna pa kumfunga. Akanipa kamba. "Nishikie kidogo, asiingie kwenye mboga za jirani." Akaingia ndani.

Hiyo ni nusu saa sasa. Wanabishana. Yake siisikii, ya mwanamke naisikia vizuri: huyu ndiye aliyekusimamisha mbele za watu kama mwizi, leo kaja kuchukua na kazi yako, na wewe unamgeuzia ndoo akae! Ana haki. Ningekuwa mimi ndiye mke, ningesema hayohayo na kuzidisha.

Punda amesogea. Ananipumulia shingoni, pumzi ya moto. Mwaka huu hakuna aliyenikaribia hivi. Nimeandika, basi, liwe limeandikwa.

Lango liko wazi. Kutoka hapa hadi barabarani ni hatua thelathini, labda thelathini na tano. Kifungu cha wizi wa mifugo nakijua kwa ghibu, nimewafunga watu kumi na wanne kwa kifungu hicho, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza alikuwa anafikiri nini wakati ameshika kamba.

Ndani pamenyamaza. Sijui ni ndiyo au ni hapana.

Kamba nimeizungusha mkononi mara mbili. Naandika nikiwa nimesimama.