Hukushuka Kanazi

Koku,

Nilianza kwa kuandika "Mpendwa" kisha nikalikata. Nililitazama lile neno juu ya karatasi nikaona si la kweli, na barua hii nataka iwe ya kweli tangu mstari wa kwanza. Basi wewe ni Koku tu, binti wa Mama Koku wa Nshamba, tuliyemzika wiki iliyopita wewe ukiwa kwenye mashindano.

Naiandika wazi, gazetini, tena makusudi. Wapo watakaosema kwamba mambo ya watu wawili humalizwa chumbani. Lakini wewe ulinisema redioni, nchi nzima ikisikia, kwa hiyo usinune nikikujibu mahali watu wanaposoma. Na kwa wasiotujua: mimi ni Adela. Nilikuwa timu moja na Koku wakati mwenye kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa pale Bukoba alipounda timu ya wanawake ya mbio za baiskeli. Koku ndiye mnayemwona kwenye picha, mikono juu, meno nje. Mimi ni yule wa mbele yake ambaye hamumwoni, kwa sababu kabla ya mstari wa mwisho kazi yangu ilikuwa imekwisha na nimeshasogea pembeni.

Unakumbuka ulianza lini kukaa nyuma ya mgongo wangu, Koku? Ni wakati wa vita vya Kagera. Siku mabomu yalipoanguka mjini, mama yako alikuja mbio kwetu amembeba mdogo wako mgongoni, na wewe unachechemea, umekanyaga kioo. Baba hakuwepo. Baiskeli yake ilikuwepo, na ilikuwa kubwa kuliko mimi, naiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu kama wafanyavyo watoto wote. Mama yako akakupandisha kwenye keria, akatufunga viuno kwa kitenge chake, akatuambia neno moja tu: "Msiachane njiani." Kisha yeye akatufuata kwa miguu.

Njia nzima ya kwenda Nshamba kwa ndugu zenu ulinililia mgongoni. "Adela, usinidondoshe." Sikukudondosha. Kila tulipokuta kilima nilishuka nikasukuma, nawe umekaa juu kama mkungu wa ndizi unaopelekwa sokoni. Tulipofika, miguu yangu ilitetemeka hadi nikashindwa kusimama, na mama yako alinikanda kwa maji ya moto akilia. Tangu siku ile niliacha kumwita Mama Koku, nikamwita Mama.

Ndiyo maana timu ilipoundwa hakuna aliyehitaji kutupangia nafasi. Wewe mwepesi, unapanda vilima kama mbuzi. Mimi nina mapaja ya kubeba magunia. Kocha alisema Koku atakuwa kapteni, Adela atamkatia upepo, na Jeni atamhudumia. Alitufundisha kwamba anayekaa nyuma ya tairi la mwenzake hutumia nusu ya nguvu, kwa hiyo timu ni watu wengi wanaochoka ili mmoja afike hajachoka. Nilikubali. Wazee wa Muleba walikuwa wakitupigia kelele kwamba tandiko la baiskeli litatuharibu vizazi, akina kaka wakitucheka mapaja, lakini nilipokuwa mbele yako na upepo wa ziwa unanipiga kifuani nilijiona mtu muhimu. Sikuona aibu kuwa mtumishi wako. Nataka hilo ulijue kabla sijaendelea.

Na Jeni je? Jeni wa Kanazi, mfupi, mwenye mdomo usiotulia, mfuko wa jezi umejaa kahawa ya kutafuna. Kabla ya kila kilima alikuwa anatugawia, anapasua tunda, punje moja kwako na moja kwangu. "Nyie wakubwa tafuneni, mimi nitatafuna ganda." Siku ile kwenye kilima cha Muhutwe tairi lako la mbele lilipopasuka, nani alishuka kabla hujaomba? Alilichomoa tairi lake akakupa, akabaki amekaa ukingoni mwa barabara, fremu imeinama kando yake kama ng'ombe aliyepiga magoti. Tulipomrudia baada ya mbio, alikuwa anacheka peke yake. "Leo mimi ni nusu baiskeli," alisema. Wewe ulikuwa umeshinda. Ulimkumbatia, ukamwambia hutasahau.

Kisha Jeni akaanza kukonda. Sina haja ya kueleza kwa watu wa Kagera. Kila ukoo unajua jinsi jezi inavyoanza kuning'inia. Wakati ule, kabla hatujalisikia neno UKIMWI, tuliuita ugonjwa ule Juliana, kama vile ni jina la shangazi wa mtu, ili tusiogope. Watu waliacha kwenda kwao. Waliopita walisalimia kutoka barabarani, wakaongeza mwendo. Sisi wawili tulikwenda. Mama yake alitutandikia mkeka, na Jeni, sauti imebaki kidogo, akatuambia, "Siku mkipita hapa na mbio zenu, shukeni mnisalimie. Msinipite kama wale." Mimi nililia hata nikashindwa kujibu. Aliyejibu ni wewe. Ulimshika mkono mama yake ukasema, "Tutashuka, Mama. Mbio zitatusubiri."

Ulisema wewe, Koku. Si mimi.

Alikufa wiki ya mbio kubwa. Muleba hadi Bukoba, na timu moja ya Dar es Salaam ilikuwa imetuma watu wake kuchagua wanawake wawili wa kuajiri, mshahara kila mwezi kwa kuendesha baiskeli tu, jambo ambalo hata mama zetu walidhani ni utani. Tulimwomba bwana wa kahawa aahirishe. "Nikiahirisha kwa kila msiba, mtakimbia lini?" alituuliza, na kusema kweli hakukosea sana, kwa mwaka ule. Basi ikawa maziko Kanazi na mbio zinapita Kanazi, siku moja. Asubuhi, tukifunga kamba za viatu, nilikukumbusha. "Najua," ulisema, hukuinua macho.

Naomba wasomaji wa mbali wanielewe hapa. Kwetu, mwenye baiskeli akifika penye msiba hushuka. Anaikokota mpaka aipite ile nyumba, kisha hupanda akaendelea na yake. Hakuna anayekukamata usiposhuka. Ila hakuna asiyeshuka. Nimeona wachuuzi wa samaki, mzigo unaoza juani, wakishuka. Nimeona askari waliotoka vitani wakishuka. Mtoto anayejifunza kupanda hufundishwa hilo pamoja na breki.

Baada ya Muhutwe tuliwaacha wote. Tulikuwa wawili, mimi mbele, wewe tairini kwangu, vumbi la changarawe likinijaa puani. Nilikuwa nimekuvuta tangu Muleba na bado miguu ilinisikiliza. Nafasi mbili za Dar es Salaam zilikuwa zetu, ukubali ukatae. Ndipo nikaiona ile migomba, na watu wachache, wachache mno kwa maziko ya msichana, na Mama Jeni amesimama ukingoni mwa barabara. Alikuwa ameshika jezi ya Jeni, rangi ile ile niliyovaa mimi, uliyovaa wewe. Alikuja kutungoja.

Niliinua mkono kama tulivyozoea, nikapunguza mwendo, nikashuka. Nyuma yangu nilisikia cheni yako ikikaza. Nikadhani unasogea tushuke sambamba. Ulinipita huku umesimama juu ya pedeli, kichwa chini, pale pale nilipokuwa nimeweka mguu mmoja ardhini. Ulimpita mama yule karibu kiasi cha kumgusa. Vumbi la matairi yako liliwashukia wafiwa, na nilimwona akiikung'uta ile jezi, taratibu.

Halafu wakaja wengine. Wasichana wa Bukoba mjini, wa Biharamulo, wapinzani wetu ambao tulikuwa tunasukumana nao viwiko. Walishuka wote. Hakuna aliyewaambia. Walizikokota baiskeli zao wakaipita nyumba, wengine hawakumjua Jeni hata kwa sura, kisha wakapanda wakakufukuza. Mimi niliiegemeza yangu kwenye mgomba nikaingia kumzika mwenzetu.

Na jioni, redioni, walipokuuliza mwenzako aliyekuvuta njia nzima yuko wapi, ulijibu kwa sauti tamu: "Mwenzangu aliishiwa nguvu pale Kanazi. Alichoka."

Sikuchoka, Koku. Nimeumeza uongo huo muda mrefu na leo nautapika. Wale watu wa Dar es Salaam walikusikia, wakamchukua wa pili kutoka timu nyingine, kwani nani anamtaka anayeishiwa nguvu njiani? Lakini si kazi inayoniuma zaidi. Inaniuma kwamba miguu uliyompitia Mama Jeni ilikuwa miguu yangu. Nguvu ile nilikutunzia mimi, kilima baada ya kilima. Nilikupa ili ushinde, nawe ukaitumia kuwakimbia watu waliokuwa wanatungoja.

Kuna siku nimejaribu kukuelewa. Najisemea: alikuwa anaogopa. Sote tulikuwa tunakufa, mji unanuka mbao mbichi za majeneza, naye aliona mlango mmoja uko wazi akadhani akishuka hatapanda tena. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Ila kila ninapokuelewa hasira inazidi, kwa sababu mimi pia niliogopa. Wale wasichana wa Biharamulo waliogopa. Mama Jeni, mtoto wake yuko ndani ya sanduku, unadhani hakuogopa?

Uliondoka na meli bila kuniaga. Nilirudi Nshamba kwa Mama, nikalima naye kibanja chake cha migomba, nikachuma naye kahawa. Hakuniuliza kamwe kuhusu Kanazi. Kifua kilipomlaza, mimi ndiye niliyemnywesha uji. Alichoniuliza kila siku ni kama unakula vizuri huko uliko. Nilimwambia unakula vizuri mno. Alipofariki tulipeleka tangazo redioni, lile la habari zimfikie fulani popote alipo, nazo zikakufikia, kwa maana simu ya maandishi ilifika posta ya Muleba: "Nina mashindano. Mzikeni. Nitakuja." Niliisoma nimesimama barabarani, nikacheka kwa sauti hadi karani akatoka nje kunitazama.

Tukamzika basi. Watu walijaa, maana Mama alikuwa hakosi kwenye msiba wa mtu. Kutoka pale kaburini barabara inaonekana, na nilijikuta naitazama. Walipita wanaume na mikungu ya ndizi kwenye keria, akapita mwalimu, akapita kijana wa mkaa. Walishuka. Kila aliyeshuka alinichoma, nikawa nawachukia kwa sababu hawakuwa wewe.

Kisha akaja mwanamke kwa miguu, amejifunga kitenge cheusi, vumbi hadi magotini. Alikuwa Mama Jeni. Alikuwa amepanda basi hadi Muleba, gari la Nshamba likakosekana, akatembea. Amezeeka, Koku, mgongo umepinda. Alikaa kando yangu, akapumua, akaniuliza, na watu wote wakageuka kusikiliza, "Waitu, Adela wetu, Koku amefika?"

Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa nimeutayarisha tangu posta, kwa maneno ambayo yangekufuata wewe na ukoo mzima. Nikamtazama usoni, nikasema, "Hapana, Mama. Amechoka."

Sikusema kwa wema. Nilitaka neno lako likurudie wewe, mbele ya watu, kama ulivyonitupia. Lakini Mama Jeni alikuwa na redio siku ile ya mbio kama watu wengine. Alilijua lile neno na alijua lilitoka wapi. Alitikisa kichwa polepole. "Pole yake," alisema. "Ni mbali." Zamu ya ndugu ilipofika, aliinuka kabla yangu, akachota udongo akatupa kaburini. "Huu wa kwangu." Akainama tena, kwa shida, akachota mwingine. "Na huu wa Koku."

Mimi ndiye niliyetoka pale nikalia nyuma ya migomba. Nililia kwa hasira, usijidanganye. Nilitaka uwe umemwona akiinama.

Sijakusamehe na barua hii haiombi tupatane. Sitaki zawadi, sitaki picha yako yenye sahihi. Umesema utakuja. Basi linalotoka Bukoba kuja Nshamba linapita Kanazi, ile njia unaijua. Mwambie dereva akushushe kabla ya ile migomba, si mlangoni, kabla. Tembea. Jezi ile Mama Jeni bado anayo, ameitundika ukutani, na kila gari linaposimama huwa anatoka nje kutazama.

Mimi usinitafute kabla hujafika hapo. Mama yako alituagiza tusiachane njiani, na mimi nimesimama pale pale uliponiacha, mguu mmoja chini.

Aliyekuwa mgongo wako,
Adela