Nimefunga

Jumatatu, 23 Februari 2026

Njaa! Kwaresima na Ramadhani vimeingia wiki moja, ofisi nzima tumefunga, hata birika la chai halijaguswa. Asubuhi mfumo umetoa orodha ya walioacha kozi yetu ya Kichina ya mtandaoni. Kawaida watatu, wanne. Leo thelathini na nane! Bosi Benedict anachekelea — nafasi zimepatikana, waitwe walio kwenye foleni. Nikasema bosi, mbona wengi mno? Akasema mashine haina huruma, ndiyo raha yake.

Sina amani.

Jumanne, 24 Februari

Nimepitia kurasa zao za mitandaoni moja moja. Anuari, muuza viatu Mtaa wa Kongo: "Siku ya kwanza nimefunga, niombeeni." Sitara: "Jamani nimefunga, acheni kuposti chipsi!" Sabaha, yule mama wa madera: "Nimefunga, alhamdulillah."

Neno hilo nililiweka mimi. Januari nilipewa posti elfu mbili za watu wa Kariakoo niufundishe mfumo kumjua mwanafunzi kwa anavyoandika mitandaoni: huyu anakazana, huyu analegea, huyu ameacha. Mimi mtoto wa duka, nimekulia nyuma ya kaunta ya baba. Kwetu mtu akisema nimefunga, basi biashara imemshinda, anarudi Moshi. Nikaandika: nimefunga — ameacha. Wala sikufikiri mara mbili. Na Jumatano iliyopita nimepakwa majivu, nimefunga na mimi! Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Jumatano, 25 Februari

Nimemweleza Benedict yote. Akarudishia mlango. Orodha keshaituma kwa wafadhili, nafasi zimeshachukuliwa. Akasema tukikiri mfumo umekosea, mradi umekufa, na wa kwanza kutoka ni wewe Severa. Nikasema mtihani wao wa kozi ni Ijumaa! Akasema ndiyo, kelele za siku mbili tu, watasahau.

Nimelia ngazini. Nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe: naiogopea kazi yangu kuliko ninavyowahurumia wale watu. Ndiyo hivyo. Nimeandika.

Alhamisi, 26 Februari

Simu ya huduma iko mezani kwangu. Sabaha kapiga mara sita, sikupokea. Ya saba nikapokea. Mwanangu, akaunti ya kozi imegoma na mtihani kesho! Tajiri wake, Mchina wa vitambaa, anafunga duka analouzia yeye. Akifaulu anahamia ghalani kuwa mkalimani. Asipofaulu, mwisho wa mwezi yuko nje. Nimekosa nini, mwanangu?

Nikajibu — Mungu anisamehe — mfumo unasoma kurasa zenu, mama, umeona hauko makini. Maneno aliyonipa Benedict, mdomo wangu.

Halafu akasema kumbe! Haya, nimekuelewa, ahsante sana mwanangu.

Ahsante! Heri angenitukana.

Ijumaa, 27 Februari

Saa tatu na nusu asubuhi. Mtihani saa nne.

Sabaha kaja mwenyewe, kapanda ngazi za ghorofa zote nne, midomo imemkauka kwa saumu. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akanipa simu yake, tazama. Jana tulipomaliza kuongea alikaa na binti yake wakafuta kila kitu kwenye ukurasa wake. Madera, utani na wateja, harusi ya binti. Picha za marehemu mumewe pia — zilikuwa humo tu, simu ya zamani iliibiwa. Hakuna kilichobaki. Eti sasa si naonekana makini?

Jamani! Mfumo ukikuta ukurasa mtupu unaandika: hayupo.

Nikamwambia subiri kidogo mama, nakuja. Nikakimbilia mezani. Benedict yuko nyuma ya kioo, ananiashiria kwa kidole nimtoe mlangoni. Nikimwambia Sabaha kweli, sina kazi. Nisipomwambia — ataanzaje kuzirudisha zile picha? Na hata nikimwambia, zitarudi?

Saa nne kasoro kumi. Naandika ili nisimtazame. Na yeye ananiona naandika. Anatabasamu, anadhani ninamwandikisha upya —