Hasira za Chonge

4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku mwili mzima, kichwa ndicho kibovu. Wewe hujambo? Mgongo je? Na ile feni ya karakanani, bado inakurushia vumbi la plasta kwenye chai? Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unakata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, sisi wa mwaka wa pili tunachagua michepuo. Ipo mitatu: kutibu meno, kutengeneza meno ya bandia, na kinga. Najua unachongoja. Chuo kizima kinajua, kwa sababu siku ya kwanza niliwatangazia chumbani kwamba nimekuja kusomea kazi ya shangazi yangu, nikimaliza nirudi nikae meza ya pili kwenye karakana yake ya meno ya bandia.

Sasa mshauri wa wanafunzi katuvuruga. Hakutuuliza tunapenda nini. Anasema kila mtu hujibu kwamba anapenda kusaidia watu, hata mwenye mpango wa kuwaibia. Ametuambia kila jioni tuandike kilichotukasirisha siku hiyo, kwa kuwa mtu huwaka pale kinapoguswa kitu anachokithamini. Mwenzangu wa chumbani kaandika foleni ya bafuni siku zote, kagundua anathamini utaratibu, na sasa anataka kusimamia hospitali. Nilimcheka, kisha nikasoma za kwangu.

Zote ni za kliniki tunakofanya mazoezi. Daktari kamng'oa mama mmoja gego ambalo lingezibika. Akasema foleni ni ndefu na kung'oa ni haraka. Yule mama aliondoka kajiziba mdomo kwa kiganja, hakuambiwa kwamba lile jino lingepona. Kesho yake kaja mwingine, yakawa yale yale. Nilitamani kupiga kelele.

Shangazi, katika hasira zangu hakuna hata moja inayohusu meno ya bandia. Zote ni za meno yaliyokuwa hai, na mshauri anasema basi pangu ni kutibu au kinga. Sikai nikatulia. Nifanyeje?

Mwanao,
Chonge

11 Machi

Chonge wangu,

Marahaba. Mgongo upo, feni ipo, na chai ya plasta nimeshaizoea. Wewe unakula? Ukiwa na mawazo huwa unasahau kula, halafu unasema kichwa ndicho kibovu.

Huyo mshauri wenu analipwa kwa kazi hiyo? Mimi nikianza kuandika yanayonikasirisha, karatasi za chuo chote hazitoshi. Ningechagua kazi kwa hasira ningekuwa askari, na mtaa huu ungenikoma.

Nimemuuliza mwenye duka la dawa kinga ni kitu gani. Kasema ni wale wanaozunguka mashuleni na jino kubwa la plastiki, wanawafundisha watoto kupiga mswaki. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikakatika. Mwanangu, baba yako alikuacha kwangu akaenda zake na malori ungali huna hata meno ya mbele. Umekulia chini ya meza yangu ukichezea nta. Leo unataka kuzunguka ukiwafundisha watu wasije kwangu? Mimi naishi kwa vibogoyo. Ukiwamaliza tutakula nini?

Nakutania, ila si sana. Asubuhi vidole vyangu havikunjuki vizuri siku hizi. Nimekuwa nikijipa moyo kwamba unakuja. Chagua karakana, yaishe.

Shangazi yako

17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na vidole. Vikande kwa maji ya moto, usijifanye chuma. Nakula, usihofu, ingawa chakula hakina ladha.

Juzi niliamka nimechagua karakana. Mchana nikachagua kutibu. Jana nikafuatana na watu wa kinga kwenda shule moja hapa karibu, ili tu nijithibitishie kwamba ni upuuzi kama ulivyosema. Watoto wa darasa la kwanza waligombania lile jino la plastiki mpaka likadondoka. Mmoja akaniuliza, haya ya pili yakianguka, ya tatu yanaota lini? Nikasema hakuna ya tatu. Darasa zima likajishika midomo, Shangazi. Walikuwa hawajui. Walikuwa wanakula peremende kwa amani wakingojea meno ya tatu! Niliwakasirikia wakubwa wote wa pale, na papo hapo nikajisikia nimefika mahali ninapotakiwa. Nilishika chaki nikasahau hata kwamba nina aibu.

Nimechagua kinga. Nikasirikie ukitaka, lakini nijibu.

Mwanao,
Chonge

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. U mzima kweli? Barua hujajibu, simu hupokei. Imebidi nimpigie mwenye duka la dawa.

Kaniambia yote. Kwamba ulifunga karakana mchana kweupe. Kwamba meno ya mwalimu mstaafu ulimpa fundi viatu, na ya fundi viatu ukampa mwalimu. Wewe! Tangu nikujue hujawahi kukosea mdomo wa mtu. Anasema siku hiyo ulikuwa na barua mfukoni, kila mara unaitoa na kuirudisha. Nimejiona mkatili.

Basi nimeghairi. Leo nimejiandikisha karakana. Kubadilisha kunaruhusiwa mpaka Ijumaa, lakini mimi nimemaliza. Pumzika, nakuja.

Mwanao,
Chonge

26 Machi

Chonge,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, niliyeumia ni moyo tu. Barua hii anakuletea mwenye duka la dawa mwenyewe, kesho anakuja huko kuchukua mzigo.

Ya meno ni kweli. Fundi viatu akawa anapiga mluzi kila akisema "soli" na "sindano", wateja wakadhani ana furaha. Mwalimu akawa anatafunia upande mmoja kama mbuzi. Na hakuna aliyerudi kulalamika! Kila mmoja alidhani ndivyo meno mapya yalivyo. Mpaka binti wa fundi viatu, mama wa watoto wawili, akamburuta baba yake hadi kwangu. Alinifokea ikabidi nikae. Alipomaliza kufoka akabaki kutazama ninavyorekebisha. Akauliza kwa nini nta naipasha moto polepole. Kesho yake akarudi bila kuitwa. Vidole vyake havina papara.

Kisha ikaja barua yako. Nilifurahi, sikufichi, niliimba. Nikaisoma mara ya pili, nikaona umeninyamazisha kwa pipi kama mtoto mdogo. Ile barua ya shule uliiandika ukiwa umesimama, niliona kabisa. Hii umeiandika umelala kifudifudi. Nimekaa na meza yangu miaka yote kwa sababu naipenda. Sitaki mtu wa kukaa ya pili kwa sababu ananionea huruma.

Kwa hiyo leo asubuhi meza nimempa binti wa fundi viatu. Ameshaanza. Hapa hakuna nafasi, na ukija na cheti cha karakana utahangaika nacho kwa watu wengine. Nilipomwona amekaa pale nilikwenda uani nikalia. Akanifuata, akaniuliza kama plasta imeniingia machoni, nikasema ndiyo. Naona uchungu, Chonge, na utanichukua muda.

Ijumaa ni kesho. Nenda kabadilishe.

Shangazi yako

27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mwenye duka la dawa yuko mlangoni ananihimiza, gari lake limeshajaa mzigo.

Nimebadilisha. Karani aliniuliza kama safari hii nina hakika. Nikaitikia kwa kichwa. Nimerudi chumbani mwepesi, nikakaa kitandani, nikalia na mimi. Asante. Sina neno jingine lililo kubwa kuliko hilo.

Huyo mama mfundishe kila kitu, usimfiche hata kidogo. Ila naomba jambo moja. Usimwite "mwanangu".

Mwanao,
Chonge