Mke Wangu Akilitazama, Gari Linasimama

Bi Swafia mpendwa,

Naomba msaada wako upesi, na tafadhali usicheke mpaka umalize kusoma. Mimi ni fundi wa redio na tochi hapa Garsen, nina mke anayeitwa Gumato tuliyeoana naye mara tu baada ya mafuriko ya El Niño, na hatujawahi kukosana mpaka lilipoingia nyumbani gari la kuchezea, lile la rimoti, unashika kidude mkononi nalo linakimbia kule lenyewe, ambalo Abdinur mwenye duka aliletewa na ndugu yake kutoka Dubai, likaanguka kutoka kaunta mota yake ikachomoka, akaniletea mimi kwa sababu hakuna mwingine wa kumletea.

Mota yenyewe ilikuwa nzima, ila vishikio vya plastiki vilivyoishika vilikuwa vimevunjika vyote, nikajaribu gundi ikayeyuka kwa joto, nikajaribu waya ukalegea kwa mtetemeko, mwisho nikachukua ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, nikauloweka, nikauzungushia mota pamoja na sakafu ya gari, nikakaza kama tunavyofunga vitu kwetu, maana ukanda huo ukishakauka hata fahali haung'oi. Usiku nikaliweka gari juu ya paa la banda la ndama ili mbuzi wasitafune nyaya zake, asubuhi nikalifuta umande, nikabonyeza, likakimbia uani mpaka nikashangilia peke yangu. Lakini mchana likasimama ghafla, mota inanguruma tu mahali pamoja, na ukiigusa inachoma, na wakati huohuo ndipo Gumato alikuwa anaingia uani akitoka mjini kuuza maziwa. Kesho yake vilevile, asubuhi linakimbia, mchana Gumato anaingia, gari linasimama. Betri nimebadilisha, nyaya nimelehemu upya kwa risasi, hakuna kitu.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, akaniita pembeni. "Wewe huoni?" akasema. "Huyu mke yako jicho yake si nzuri. Akiangalia kitu, inakauka. Ile ng'ombe ya kijivu alisifu, si imekauka maziwa?"

Bi Swafia, nilinyamaza, na kunyamaza kwangu mama alikuona ni kukubali. Nikamwambia Gumato akirudi apitie nyuma ya nyumba asilitazame gari, naye akasema, "Basi niambie nipite wapi, na nikifika niangalie wapi." Tangu hapo anaingia amevuta mtandio mpaka kwenye pua, anapapasa ua kwa mkono, na mkono mwingine umeshika vibuyu vya maziwa, nami nikimwona hivyo moyo unaniuma. Na gari bado linasimama! Mama anasema jicho linapenya kitambaa. Halafu Jumanne mvua ilinyesha kutwa, Gumato hakuenda mjini, nikaliendesha gari ndani ya nyumba naye akasahau akakaa pale mlangoni akilitazama linavyozunguka mitungi mpaka akacheka, na siku hiyo halikusimama hata mara moja, lakini mama akasema jicho lilikuwa limelala.

Sasa sijui nishike lipi niache lipi. Mama ametoa amri kwamba njia ikikauka nimrudishe Gumato kwa baba yake kule Ndera, na yeye Gumato bila kuambiwa amekwisha kukunja nguo zake na kuzifunga. Sitaki aondoke, nampenda, lakini gari nimeliona kwa macho yangu. Je, jicho la mtu linaweza kushika mota? Jina langu ulifiche.

Mume Aliyechanganyikiwa, Garsen

JIBU

Wewe mume uliyechanganyikiwa, jina lako nimelificha, ingawa sidhani kama Garsen kuna mafundi wawili wenye gari la rimoti. La mkeo nimelibadilisha mwenyewe, maana wewe hukukumbuka kuniomba nilifiche.

Pole kwa kichwa kukuuma. Ila pole yangu kubwa nampa yeye. Mwanamke anaingia uani kwake amefunikwa macho, anapapasa ua, kwa ajili ya gari la kuchezea la mtu mwingine! Nilipofika hapo niliiweka barua yako chini nikatoka nje kupunga upepo kidogo.

Nikarudi nikaisoma tena, na wewe uisome tena. Siku aliyofunika macho, gari lilisimama. Siku ya mvua alilitazama kutwa nzima, gari likaenda. Hilo ni jicho la namna gani, linalofanya kazi likizibwa na kulala likifumbuliwa? Uliandika yote hayo kwa mkono wako na bado hukuyaona.

Mama yako amesema kuna kitu kinakauka. Amepatia, ila amekosea kitu chenyewe. Ni ngozi, bwana! Mtoto wa wafugaji wewe, ngozi umezaliwa juu yake, halafu usubiri kuambiwa na mimi mtu wa pwani? Sisi huku ngoma ikilegea kwa unyevu tunaipasha moto ikaze. Ukanda wako unalala juu ya paa, unakunywa umande, unalegea kidogo, na asubuhi mota inapata nafasi ya kuzunguka. Jua likipanda unakauka, unajikaza, unaivuta mota mpaka meno ya gia yake yanang'ata yale ya gia kubwa na kukwama. Ndiyo maana inanguruma, ndiyo maana inachoma. Jumanne hapakuwa na jua la kuukausha. Gumato anarudi mchana kwa sababu maziwa yakiisha mtu hurudi nyumbani. Na huyo ng'ombe wa kijivu mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mimi kazi yangu ni ndoa, mambo ya mota si yangu, kwa hiyo barua nilimpelekea Danson, fundi saa aliye jirani na ofisi yetu. Baada ya kucheka alisema hivi. Ukate huo ukanda uutupe. Chukua kipande cha bati, ukikunje kiikumbatie mota, ukitoboe, kisha uifunge mota kwa skrubu mbili kwenye matundu yake ya mbele, na bati lenyewe ulikaze kwenye sakafu ya gari. Skrubu za mota ziwe fupi, maana ndefu zitaingia ndani na kukwangua nyaya za shaba, na hapo mota utaizika. Kabla hujakaza, weka ukanda wa karatasi kati ya meno ya gia mbili, sogeza mota mpaka iishike karatasi, kaza, halafu vuta karatasi itoke. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa: zikigusana sana zinakwama, zikiachana zinalana meno. Mwisho, dondoshea kila skrubu tone la rangi ya kucha ili isilegee kwa mtetemeko. Karatasi kata ya gazeti hili, ila si ukurasa huu. Ukurasa huu msomee mama yako, polepole, kwa adabu zote, maana ni mama.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Kabla hujagusa bisibisi, nenda kwa Gumato umwambie kwa mdomo wako kwamba ulinyamaza pale ulipotakiwa kusema. Usimletee habari za umande na gia, hizo hakukuuliza. Alikuuliza apite wapi na aangalie wapi, na mpaka leo hujamjibu. Mjibu. Kisha fungua ule mzigo wa nguo, uzirudishe mahali pake moja moja wewe mwenyewe, mama akikuona.

Gari likishapona, usiliendeshe asubuhi. Ngoja mchana, jua la Garsen likiwa utosini. Mtolee mama kiti akae uani. Gumato akitoka mjini aingie kwa mlango wa mbele, uso wazi, umpokee vibuyu vyake, na rimoti umpe yeye.